Nani Abebaye Kuni?

Somo: Maombolezo, sura ya 5



Kitabu cha Maombolezo hakisomwi sana makanisani isipokuwa katika Juma Kuu, na hata hapo mawazo ya wengi huwa yamekwisha kutangulia Ijumaa Kuu. Tunawaomba mkifungue nyumbani, katika sura ya tano, mkaisome polepole. Yerusalemu umeanguka. Mwandishi anamhesabia Mungu hasara moja baada ya nyingine: urithi umekwenda kwa wageni, wazee wameondoka langoni, ngoma imegeuka kilio. Lakini katikati ya hesabu hiyo kubwa ya taifa ametia mambo ya jikoni. Katika mstari wa 4 analalamika kwamba watu wanatoa fedha ili wapate maji yao wenyewe, na kuni zilizo zao wanauziwa. Katika mstari wa 13 anawataja vijana waliotwishwa mawe ya kusagia, na watoto wanaoanguka njiani kwa kulemewa na kuni.

Huyu alikuwa mtu wa ajabu. Hekalu limeteketea, wakuu wametundikwa, naye bado ana nafasi katika sala yake kwa ajili ya mtoto mwenye mzigo wa kuni. Mwandishi mwingine wa historia angeliona jambo hilo kuwa dogo mno. Yeye aliliona kuwa sehemu ya anguko la taifa, akalileta mbele za Mungu pamoja na mengine. Nasi twataka kulileta mbele yenu, kwa kuwa hapa Itumba, na Isongole, na milimani Bundali, na bondeni Bulambya, kile ambacho Maandiko yanakihesabu kuwa msiba kimekuwa kwetu mazoea ya kila jioni. Binti anatoka shuleni, anaweka daftari, anachukua panga na kamba, anapanda mlimani. Hakuna anayemlilia. Tena tunamsifu kwamba ni mtoto mwenye adabu.

Wako watakaosema kwamba habari za majiko, mikokoteni na maghala ni za Bwana Shamba na za serikali, wala si za altare. Hatukubali. Mwokozi wetu alikuwa fundi seremala, na watu wa kwao walimjua kwa kazi hiyo kabla hawajamjua kwa mahubiri. Nalo Kanisa letu la Anglikana duniani, lilipoandika alama za utume wake, liliandika nne mwaka 1984, kisha mwaka 1990 likaongeza ya tano, nayo ni kuvitunza viumbe vya Mungu na kuilinda dunia isiharibiwe. Kwa hiyo jambo hili limo ndani ya kazi yetu kama vile ubatizo na kuwazuru wagonjwa.

Sasa twende kwa jirani zetu wa Makete. Katika miaka ya 1980, wakati Makete ilipokuwa bado katika mkoa wa Iringa, palianzishwa huko mradi wa usafirishaji vijijini uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO). Mtu angetazamia kwamba wataalamu wa usafirishaji wataanza na barabara na magari. Wao walianza kwa kuuliza maswali nyumba kwa nyumba: katika nyumba hii nani husafiri, huenda wapi, hubeba nini, naye hutumia muda gani? Majibu yaliyopatikana yafaa kusomwa katika kila parishi ya nyanda hizi za juu. Sehemu kubwa kabisa ya safari na mizigo ya wanavijiji haikuwa ya kwenda mjini wala mnadani. Ilikuwa ya kwenda mtoni kuteka maji, msituni kutafuta kuni, shambani, na mashineni kusaga. Haikupita barabarani, ilipita katika njia za miguu. Haikubebwa na gari wala baiskeli, ilibebwa kichwani; na kichwa chenyewe, mara nyingi, kilikuwa cha mwanamke.

Basi, pamoja na kutengeneza barabara, wakatengeneza njia za miguu na vivuko, wakahimiza punda wa kubebea mizigo, na mashine za kusaga zisogezwe karibu na watu. Tafakarini hekima yake. Mashine ikisogezwa karibu, safari yenyewe inatoweka. Bomba la maji ya mserereko likifika kijijini, ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 juu ya shingo ya mtu, haipandi tena kilima. Zana bora ya usafirishaji yaweza kuwa ile inayomwondolea mtu haja ya kusafiri.

Kutoka Makete tunapata kipimo ambacho twakipenda kuliko vipimo vingi vya maofisini. Kila zana mpya ikiletwa kwetu, iwe ya chakula, ya nishati au ya uchukuzi, tuulize kwanza: inamtua nani mzigo? Kisha tuulize: je, itamwachia mjukuu wake mlima wenye miti na udongo wenye rutuba? Zana ikishindwa maswali hayo mawili, basi hata kama inang'aa, ni ya kutiliwa shaka.

Tukiyapeleka maswali hayo katika nyumba zetu, tutaona jambo la kusikitisha. Nyumba nyingi za hapa zina pikipiki, na mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo. Zina simu mbili au tatu. Nyingine zina paneli ya jua juu ya bati, na taa, na redio, hata televisheni. Zana za karne hii zimekwisha ingia sebuleni. Lakini piga hatua kumi kwenda jikoni, utakuta mafiga matatu, kama alivyoyaacha bibi wa bibi. Baba anaenda kwa injini, mama anaenda kwa kichwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kusema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, hali wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Maneno hayo yaliwaudhi baadhi ya watu wakati ule. Yangali yanaudhi, jambo linaloonyesha kwamba hayajazeeka.

Hatuyasemi haya ili kuwagombanisha watu wa nyumba moja. Twasema kwamba fedha za nyumba zina mpangilio, na mpangilio huo ni ungamo la imani kama ilivyo ile tunayoikiri Jumapili.

Tuanze na moto, maana ndipo penye mzigo mzito. Mafiga matatu hupoteza joto jingi. Ni sehemu ndogo tu ya joto la kuni linalofika chunguni, na lililobaki linakwenda hewani pamoja na moshi. Moshi huo si wa kuliza macho tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa majumbani, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano, yaani wale wanaobebwa mgongoni wakati mama anapuliza moto. Na yule anayedhani kwamba ameepuka kwa kununua mkaa, afikiri tena: katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za mti hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Mti mzima umeingia shimoni, na gunia limetoka.

Serikali imelitambua hilo. Mwezi Mei mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni shabaha njema na tunaiombea. Lakini tumeona pia mitungi midogo ya gesi iliyogawiwa au kununuliwa kwa furaha, ikaisha, ikawekwa pembeni kwa kukosa fedha ya kuijaza, na siku hizi inashikilia mlango usifungwe na upepo. Umeme nao upo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Hata hivyo, nguzo kupita karibu na nyumba si sawa na chungu kuchemka. Wale ambao umeme umekwisha kuwafikia wajue kwamba chungu cha presha cha umeme hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Wengi huwasha taa na kuchaji simu, kisha wanarudi kwenye kuni kwa kudhani kwamba kupika kwa umeme ni mambo ya matajiri. Wapige hesabu ya fedha ya kuni au mkaa kwa mwezi, wailinganishe.

Lakini yako mambo yanayoweza kufanyika juma hili bila kungojea mtu. La kwanza ni jiko la udongo. Udongo wa kichuguu ukichanganywa na nyasi zilizokatwakatwa na majivu, ukalowekwa na kukandwa vizuri, hutoa jiko la vyungu viwili ambalo huufungia moto ndani na kupunguza sana kuni. Lina masharti: mdomo wa kuni uwe mdogo, kuni ziwe kavu na zilizopasuliwa, na chungu kikae vizuri bila kuacha mapengo. Jiko bovu la udongo, lililojengwa kwa haraka na mtu asiyelitumia, hula kuni kama mafiga. Afadhali lijengwe na mama atakayelipikia.

La pili ni kapu la kutunzia joto, na tunalipenda kwa sababu halihitaji shilingi. Chukua kapu kubwa, lijaze nguo kuukuu au nyasi kavu pande zote, acha nafasi ya chungu katikati, tengeneza na mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakishachemka vizuri kwa muda kidogo, yatiwe humo pamoja na chungu chake, yafunikwe, yaachwe. Yanaendelea kuiva yenyewe. Mama anakwenda shamba, na hakuna wa kubaki kuchochea moto. Yakihitaji, huchemshwa tena kidogo jioni kabla ya kuliwa.

Wenye ng'ombe wawili au zaidi waliofungwa bandani wanaweza kwenda mbele zaidi, kwenye gesi ya samadi. Nchi yetu ina ujuzi huo tangu SIDO ilipoanza kujenga mitambo yake mwaka 1975, na kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoundwa mwaka 1981, kikauendeleza kwa miaka mingi. Kilo 20 hivi za samadi kwa siku, zikichanganywa na maji kiasi kile kile, zatosha mtambo mdogo wa nyumbani. Kinachotoka ni moto usio na moshi, na kinachobaki ni mbolea iliyo bora kuliko samadi mbichi. Uzuri wake ni huo: jiko linalisha shamba. Twasema ukweli pia kwamba gharama ya kujenga si ndogo, na kwamba huko Bundali kwenye baridi gesi hutoka polepole kuliko bondeni. Mtu asije akauza ng'ombe ili apate kujenga mtambo wa samadi!

Hapa lazima tuseme neno juu ya makaa ya mawe, kwa kuwa yako chini ya ardhi ya wilaya yetu ya Ileje. Mgodi wa Kiwira ulijengwa kwa msaada wa China, ukaanza kazi mwaka 1988, na siku hizi STAMICO hutengeneza kutokana na makaa hayo vitofali vya kupikia. Vijana wetu wamepata kazi huko, nasi hatuidharau kazi hiyo. Ikiwa kitofali kitauokoa mti wa mlimani mwaka huu, tutashukuru. Lakini makaa ya mawe hayaoti tena yakichimbwa, na moshi wake unakwenda kuongeza joto la dunia, ambalo mkulima anayengojea mvua ndiye hulipa. Zaidi ya hayo, makaa ya aina yoyote yakiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Msilale na jiko la makaa chumbani, hata wakati wa baridi ya Julai.

Kuhusu chakula tutasema kwa kifupi zaidi, kwa kuwa wakulima wanatuzidi. Wazee wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, dumuzi alipoingia nchini kutoka Amerika ya Kati, akaanzia Tabora. Watu walimwita Skania, kwa jina la lori kubwa, kwa jinsi alivyokuwa na nguvu. Alifanya mahindi kuwa unga ghalani, naye bado yuko. Leo ipo mifuko ya tabaka tatu, ambayo ikifungwa vizuri huwanyima wadudu hewa wakafa bila dawa yoyote. Mahindi yawe makavu hasa, na mfuko usitobolewe. Kipimo chetu kinasemaje? Mahindi yasiyoliwa na dumuzi ni mahindi ambayo hayalimwi mara mbili. Mzigo umetuliwa, na mlima haukuguswa.

Tofauti yake ni plau. Ng'ombe wa kulimia ni baraka. Wamepumzisha migongo mingi. Lakini katika sehemu nyingi plau ilipanua shamba mara mbili kwa siku chache, kisha palizi ikaachiwa jembe la mkono, na jembe la mkono likaachiwa akina mama na watoto. Zana ilimtua baba, ikamtwisha mama. Dawa yake ipo, nayo ni palizi ya kukokotwa na ng'ombe hao hao, au shamba la kadiri lililotiwa samadi na kufunikwa mabua. Lakini ni nani anayeuliza bei ya palizi ya ng'ombe siku anaponunua plau?

Na juu ya uchukuzi: tunaishukuru barabara ya lami kutoka Mpemba hadi Isongole, ambayo imetufungulia njia. Twaiona Tunduma na foleni ya malori yake, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860, iliyojengwa tangu 1970 hadi 1975, ipitayo hapo hapo. Treni hubeba tani moja ya mzigo kwa mafuta machache kuliko lori, na twatamani kuiona reli hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Lakini lami na reli haziendi msituni wala mtoni. Huko kunataka punda, na mkokoteni, na daraja la magogo lililo imara juu ya kijito, na njia ya mguu iliyofyekwa na kukatwa ngazi mahali pa utelezi. Kazi hiyo haingoji bajeti ya wizara. Vijana wanane kwa siku mbili wanaimaliza. Punda naye si mashine. Asitwishwe kupita nguvu zake wala kuachwa na vidonda mgongoni. Maandiko yanampa yeye pia pumziko la Sabato.

Kuna upande mwingine wa mzigo huu, nao hauonekani kichwani. Mteremko uliokatwa miti huteremka wenyewe. Mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, umekuwa ukibadili njia yake mara kwa mara kwa mafuriko na tope, hata mtu akajikuta shamba lake liko upande wa pili, katika nchi nyingine. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 20:19, ilimkataza askari kukata miti ya matunda hata alipokuwa akiuzingira mji wa adui. Ikiwa mti wa adui ulilindwa wakati wa vita, basi mti wa mjukuu wetu wakati wa amani ulindwe zaidi.

Mwisho tuwakumbushe akina baba habari za Mtume Paulo. Katika Matendo 28 amevunjikiwa na merikebu, amefika Malta akiwa amelowa, mvua inanyesha, na ni baridi. Mtu huyu amesomea miguuni pa Gamalieli, ameandika barua ambazo dunia nzima inazisoma. Mara tunamwona akiokota kuni, mzigo mzima, akazitia motoni. Hakumtuma mtoto. Naye Bwana mwenyewe, baada ya kufufuka, katika Yohana 21, wanafunzi walimkuta pwani akiwa amekwisha kuwasha moto na kuwaokea samaki. Hatujui desturi ya kabila gani inayoweza kusimama mbele ya mifano hiyo miwili ikasema kwamba kuni ni aibu kwa mwanamume.

Halmashauri ya parishi itakutana kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Kila mwaka siku hiyo watu wengi hula pamoja, na kila mwaka kuni za chakula hicho huletwa vichwani na akina mama na wasichana wa Kipaimara. Tunapendekeza kwamba mwaka huu kuni ziletwe na akina baba, kwa pikipiki zao au kwa mikokoteni. Na kwamba nyuma ya kanisa lijengwe jiko kubwa la udongo la kudumu. Umoja wa Mama ndio waulizwe kimo chake na upana wa midomo yake, kabla fundi hajaitwa. Jiko la namna hiyo hukauka kivulini majuma mawili au matatu kabla ya kutiwa moto, kwa hiyo kazi haiwezi kungoja juma la sikukuu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Sala ya Asubuhi, tutachimba udongo wa kichuguu. Wenye majembe waje nayo, na mwenye punda aje naye.